Kadi ya Watu Sita

Siku ile tulikuwa wanane uani. Nilikuwepo mie, mkubwa wa nyumba, na miaka yangu kumi na tisa. Alikuwepo mdogo wangu wa kike anayenifuata, katoka shule na sare yake mwilini. Alikuwepo mdogo wetu wa kiume, aliyekuwa anajifunza ufundi gereji, kucha zake nyeusi kwa oili. Alikuwepo kitinda mimba wetu, wa miaka kumi na mmoja, kajifunika khanga ya marehemu mama ingawa jua lilikuwa kali, maana yeye ana selimundu na upepo mdogo tu humwingia kwenye mifupa. Alikuwepo Baba Mdogo, ndugu yake marehemu baba, pamoja na mkewe; walikuwa wametoka Chanika tangu asubuhi kwa ajili ya shughuli hiyo. Alikuwepo mjumbe wa shina letu, mzee wa hapahapa Temeke anayejua nani anadaiwa kodi na nani kaachwa na mume. Wa nane alikuwa binti mwandikishaji wa bima, rika langu, kashika kishikwambi na kukikinga jua kwa kiganja.

Bima yenyewe ilikuwa ya kaya. Kadi moja, watu sita wanaoishi nyumba moja, mchango mmoja kwa mwaka. Sie wanne, Baba Mdogo na mkewe, tulikuwa sita kamili, na jambo hilo lilinifurahisha kama vile kuna mtu serikalini alikaa akatuhesabu. Kwamba Baba Mdogo na mkewe walikuwa wanaishi Chanika na sie Temeke halikusemwa. Mjumbe aliulizwa kama tunaishi pamoja, akasema hawa ni watu wamoja. Uongo ule ulikuwa wetu sote.

Binti akauliza, "Mkuu wa kaya nani?"

Kodi ya vyumba vile viwili nilikuwa nalipa mie. Mkaa, unga, daftari za shule, vyote vilitoka mikononi mwangu tangu mama alipofariki. Binti nadhani alikwishaona, maana alinigeukia mie.

"Dada, una kitambulisho cha taifa? Unaweza kuandikwa wewe."

Nilisikia aibu. Msichana ambaye hajaolewa aandikwe mkuu wa kaya, na baba yake kakaa palepale kwenye benchi, miguu imekunjwa, anasikiliza? Na huyu hakuwa baba mdogo wa kwenye harusi na misiba tu. Mama alipofariki alilala sakafuni kwetu siku arobaini. Siku ya arobaini yenyewe alisimama mbele ya watu akasema kuanzia leo watoto hawa wasiniite Baba Mdogo, mie ni baba yao. Kina mama walilia. Mie nililia kuliko wote.

"Baba yupo," nikamjibu binti.

Baba Mdogo akanyoosha kola ya shati. Mjumbe akaitikia kwa kichwa kwamba nimesema la maana. Binti akaandika, kisha akatupiga picha mmoja mmoja tukiwa tumeegemea ukuta wa choo, maana ndio uliokuwa umepakwa chokaa nyeupe.

Sitaki ionekane kwamba nilikuwa naikimbilia kadi kwa kuwa napenda kadi. Nilikuwa naikimbilia dawa. Kitinda mimba wetu anatakiwa ameze haidroksiyurea kila siku ya maisha yake, ili chembe za damu zisijikunje na kuziba mishipa. Jina hilo yeye alilitamka vizuri mapema kuliko mie. Famasi za mjini zilikuwa nayo, lakini kwa bei ambayo mie, niliyeacha shule kidato cha pili nikaenda kupikia madereva wa malori Kurasini, niliimudu kwa siku kumi na tano tu za kila mwezi. Siku kumi na tano nyingine alikuwa anakunywa maji mengi na kungoja. Maumivu yalipomkamata alipiga kelele mpaka majirani wakazima redio zao, na mie nilimkanda kwa maji ya moto huku nikipiga hesabu ni siku ngapi zimebaki nipate pesa ya pakti nyingine.

Halafu ikatangazwa kwamba dawa ile imeingizwa kwenye orodha ya dawa zinazolipiwa na kadi ya kaya. Niliisikia redioni nikiwa namenya vitunguu. Dereva mmoja aliyekuwa anangoja chai alisema hayo ni ya redio, subiri ufike dirishani. Sikubishana naye. Mie mwenyewe nilikuwa naamini hivyohivyo.

Mwezi wa kwanza baada ya kupata kadi nilifika dirishani na pesa nimeifunga kwenye pindo la khanga, kwa tahadhari. Mfamasia aliangalia cheti cha daktari, akaangalia kioo cha kompyuta, akanipa pakti nzima ya mwezi, akaniambia nisaini. Nikasaini. Akamwita anayefuata. Sikuondoka. Nilisimama pembeni ya dirisha karibu robo saa nikingoja aniite aniambie amekosea, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mwaka ule mdogo wangu alimaliza mihula miwili bila kulazwa. Alirefuka mpaka suruali zikamfika juu ya vifundo. Alianza kucheza mpira, golini, kwa kuwa golini hakuna kukimbia, na akawa anaringa mtaani kwamba timu nzima inamtegemea yeye. Nilianza kufikiria mambo ambayo sikuwa nafikiria, kama vile atasomea nini.

Mwaka uleule mke wa Baba Mdogo alijifungua mtoto wa kiume, baada ya miaka tisa ya kungoja. Tulikwenda Chanika sote. Nilinunua doti ya khanga nzito, ya bei ambayo si yangu, tukamfunika nayo mtoto. Baba Mdogo alimbeba akatuonyesha kila mmoja, na nilimpenda sana siku ile.

Kadi ilipokaribia kuisha muda, mchango wa mwaka wa pili niliutoa mie wote. Nilimkabidhi Baba Mdogo mkononi, kwa sababu kuhuisha kunafanywa kwa simu ya mkuu wa kaya. Siku tatu baadaye akanipigia kuniambia tayari, mama, tumeshamaliza. Huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake.

Kliniki iliyofuata nilikwenda na kitinda mimba mwenyewe, kwa sababu daktari alitaka kumpima damu. Tulipofika dirishani, mfamasia aliandika namba ya kadi, akaandika tena.

"Huyu hayumo," akasema.

Nikamwambia kadi imehuishwa, pesa nimetoa mwenyewe.

"Kadi ni hai, dada. Yeye ndiye hayumo."

Akanigeuzia kioo. Zilikuwepo picha sita. Baba Mdogo na kola yake. Mkewe. Mie. Mdogo wangu wa kike, wa kiume. Ya sita ilikuwa ya mtoto mchanga kalala chali, macho kayafumba, juu ya khanga niliyoinunua mie.

Mfamasia naye aliitazama ile picha. Alikuwa mama wa makamo, si mtu wa maneno mengi. Aliniuliza nani alitushauri, maana mtoto wa umri ule mpaka afike miaka mitano anatibiwa bila kadi, ndivyo serikali ilivyopanga. Nafasi ile kapewa asiyeihitaji. Nikamwomba abadilishe. Akasema hawezi, na hata mkuu wa kaya hawezi. Kubadilisha mtu ni mpaka siku ya kuhuisha, mwaka kesho. Alinisomea bei ya pakti moja kwa anayelipa taslimu. Ilikuwa imeshuka kidogo kuliko zamani. Haikuwa imeshuka mpaka kunifikia mie, ambaye akiba yangu yote ilikwishia kwenye mchango.

Sikulia. Mdogo wangu aliniuliza tunakwenda wapi, nikamwambia kazini, nimeacha wenzangu na masufuria.

Pale Kurasini napikia chini ya turubai, mkabala na yadi ya makontena. Baba Mdogo alikuwa kibarua wa mawakala wa forodha hapohapo, na kila mchana alikula kwangu. Hakuwahi kulipa na sikuwahi kumdai. Nani anamuuzia baba yake chakula? Siku ile alifika saa saba kama kawaida. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza leo samaki gani. Nikamwekea ugali, changu wa nazi na mchicha. Nilimwacha anawe. Nilimwacha amege tonge la kwanza. Ndipo nikamwambia tumetoka hospitali, kitinda mimba hayumo kwenye kadi.

Hakuacha kufinyanga tonge.

"Nafasi ni sita, mama. Tumekuwa saba."

"Ungenitoa mie."

"Wewe ndiye unalisha nyumba. Ukianguka wewe, nani atawalisha?"

Nikamwambia sijaumwa hata mafua tangu mama afe. Nikamwambia pia aliyoyasema mfamasia, kwamba mwanawe angetibiwa bure mpaka miaka mitano, kwamba nafasi ile imepotea bila sababu.

Alicheka, kicheko kikavu.

"Bure! Bure ipi unayoijua wewe? Mie nimepeleka wagonjwa hospitali kabla hujazaliwa. Bure unaambiwa mlangoni. Ukifika ndani unaambiwa dawa hakuna, kanunue."

"Kweli mzee," dereva mmoja akaitikia kutoka benchi la pili. Mwingine akasema yeye aliambiwa bure akaishia kununua mpaka glavu. Wakaanza kushindana nani kaambiwa bure mara nyingi zaidi.

"Lakini hii dawa ilikuwepo," nikasema. "Mwaka mzima ilikuwepo."

Akainama karibu yangu, akashusha sauti. Hakumwona mdogo wangu, aliyekuwa kakaa nyuma ya pipa la maji na begi lake mapajani.

"Sikiliza mama. Sijafanya kwa roho mbaya, nimefanya kwa akili. Mwenyewe nimengoja miaka tisa. Yule mwingine, tangu mama yenu yu hai madaktari walishasema. Yule tulishamkabidhi Mungu."

Sauti ya Baba Mdogo haijawahi kushuka vya kutosha. Mdogo wangu akatoa kichwa nyuma ya pipa.

"Baba," akasema, taratibu kabisa, "karatasi ya makabidhiano ipo? Maana mie sijasaini."

Madereva waliangua kicheko, kwa sababu pale Kurasini hakuna kontena linalotoka getini bila karatasi hiyo, na walidhani ni utani wa kazini. Kisha mmoja akaona uso wangu, akamgusa mwenzake, kikaisha.

Baba Mdogo alimaliza upande mmoja wa samaki, akamgeuza, akala upande wa pili mpaka mfupa ukabaki mweupe. Akanawa. Akasema atachelewa kazini, akaondoka. Kesho yake hakuja kula, wala keshokutwa, wala hajaja tena mpaka leo.

Nimeyafikiria sana maneno yake kuhusu bure, na siwezi kusema yalikuwa ya uongo. Wale madereva nao hawakuwa waongo. Ila mie nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kusalitiwa dirishani. Nilikwenda na pesa kwenye pindo, nilisimama robo saa nikingoja niitwe. Nyumbani sikuwa nimeweka tahadhari yoyote. Nilitoa mchango kwa mikono miwili na kusema asante baba.

Na nafasi ya kuzuia yale nilipewa. Binti wa watu alinigeukia mbele ya wote akaniambia naweza kuandikwa mie. Mie ndiye niliyesema baba yupo.

Niliamua kuandikisha kaya yangu. Kwa hilo nilihitaji barua ya serikali ya mtaa, na mtaa hauandiki barua mpaka mjumbe athibitishe unaishi wapi na nani. Nilikwenda kwa mjumbe. Aliniambia nitamwaibisha baba yangu. Nikasema sawa. Aliniambia mambo ya ukoo yanamalizwa na ukoo. Nikamuuliza dawa ya mwezi huu nitaimaliza na ukoo upi. Mwishowe akatoa lililokuwa linamsumbua: yeye alikwishasema kwamba tunaishi nyumba moja, sasa ataandika nini?

"Andika kweli," nikamwambia. "Baba yupo, na ana kaya yake Chanika. Hapa mkuu wa kaya ni mie."

Alisema atafikiria. Nilirudi kesho yake asubuhi kabla ya kazi, nikakaa kwenye ngazi yake. Nilirudi jioni. Siku ya pili mkewe alinitolea kigoda, siku ya tatu chai. Siku ya nne aliandika, mkono wake mmoja umeshika paji la uso. Mwandikishaji alikuwa mwingine, kijana wa kiume. Alipouliza mkuu wa kaya nani nilijibu kabla hajamaliza swali. Mchango tuliupata kwa kuuza kabati la mama.

Lakini kadi mpya haifanyi kazi siku unayolipa. Kuna muda wa kungoja, na kitinda mimba muda wa kungoja hakuwa nao. Siku ya kumi na mbili bila dawa maumivu yalimrudia, kwenye nyonga, naye akamng'ata mdogo wetu wa kiume begani bila kujua. Golini akawekwa mtoto mwingine.

Kwenye benchi la kliniki ya selimundu tunajuana kwa watoto wetu: mama wa yule mrefu, dada wa yule golikipa. Na tuna desturi yetu, ambayo sijui kama ipo kwingine, ya kuazimana dawa. Mwezi ambao kwako zimechelewa unaazima kwa mwenzako, zako zikitoka unarudisha. Hakuna anayeandika. Nesi anajua, huangalia kama ni dawa ileile na nguvu ileile, na kama daktari keshaiandika kwenye cheti chako, kisha anageukia dirishani kama mtu anayeangalia mvua.

Aliyeniazima mie ni mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Mbeya, anayeishi Mwananyamala. Binti yake alikuwa amesimamishwa dawa na daktari kwa muda kwa kuwa damu ilishuka. Mwalimu alikuwa na pakti tatu nyumbani. Nilijua ni za nini, maana alikwishatueleza: binti akitimiza miaka kumi na minane anatoka kwenye bima ya mama yake, na mama alikuwa anazitunza kwa ajili ya miezi hiyo ya mwanzo.

Nilimwambia sitaki zote. Aliniwekea zote mapajani.

"Mwanangu hamezi sasa hivi," akasema. "Wako anahitaji leo. Utanirudishia kabla ya Novemba, sawa mama?"

Nikasema sawa. Nilisema kwa sauti, mbele ya benchi zima.

Kadi yetu ilianza kufanya kazi pakti ya tatu ilipokuwa inaelekea mwisho. Mdogo wangu sasa anapata dawa yake kila mwezi, pakti moja, hesabu ya siku kwa siku, haizidi hata kidonge. Na hilo ndilo sikulifikiria pale kwenye benchi: kadi inanipa ya kumeza, haiwezi kunipa ya kurudisha. Ya kurudisha ni lazima niinunue famasi kwa bei ya taslimu. Niliuliza dirishani kama naweza kumwandika binti wa mwalimu kwenye kaya yangu. Mfamasia aliniambia wanaoandikwa ni wanaoishi nyumba moja, akanitazama sana, nami nikachukua pakti yangu nikaondoka. Uongo huo nilikwishausema mara moja.

Nimeongeza supu asubuhi pale Kurasini, naamka saa tisa kuchemsha mifupa. Pakti ya kwanza nilimpelekea mwalimu mwezi wa tisa. Aliipokea, akanishukuru, hakuuliza hizo mbili zilizobaki. Novemba imepita. Binti katimiza kumi na minane, daktari kamruhusu kuanza tena, na wiki iliyopita nilimwona kwenye benchi kajifunga shuka kiunoni, mama yake hayupo, kaenda kazini. Aliniamkia. Aliniuliza hali ya mdogo wangu, nikamwambia hajambo, kamaliza mtihani wa muhula bila kulazwa. Akatabasamu akasema vizuri, dada.

Zimebaki pakti mbili.